Ndege Niliopewa kwa Heshima

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika kumi alasiri, muhula wa kwanza wa kidato cha pili, nyuma ya maabara. Kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imelia na wenzangu walikuwa wameshafika langoni. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu. Madam Nyaboke, mwalimu wetu wa bayolojia, alitokea mlangoni akitafuta mtu wa kumshikia darubini, na mtu aliyebaki nilikuwa mimi. Kwa hiyo msidhani niliteuliwa kwa akili au kwa macho makali. Niliteuliwa na kamba za viatu.

Sasa nimestaafu. Wa kidato cha nne hawaruhusiwi kubaki kwenye vyama, eti tusome. Brenda, aliyekuwa mwenzangu katika kazi hii tangu mwanzo, anasema mtu wa miaka kumi na saba hastaafu, anafukuzwa. Sawa. Nimefukuzwa. Naandika haya kwa ninyi wa kidato cha pili mnaochukua darubini, na sitawachosha na habari za vyeo. Cheo kilikuwa kimoja, katibu, na maana yake ilikuwa kubeba vitu. Nitawaeleza kazi yenyewe, halafu nitawaeleza kilichonikasirisha, kwa sababu bado kimenikasirisha na siwezi kukisema mbele ya gwaride. Mdomo wangu ukiona watu zaidi ya watatu unafunga duka.

Kazi si ngumu kueleza. Kuna mradi wenye ofisi Homa Bay uliotaka watu wa kawaida, wanafunzi na wakulima, wawaangalie ndege wanaokula wadudu waharibifu mashambani, kisha watume walichokiona kwa simu. Wanasayansi hawawezi kukaa kwenye kila shamba. Sisi tunakaa huko tayari. Mdudu wetu ni kiwavijeshi. Kama kwenu mna bahati hamjamwona, ni kiwavi anayeingia kwenye moyo wa mhindi, pale majani mapya yanapochipukia, akajifungia humo na kula kutoka ndani. Asubuhi unakuta kinyesi chake kama unga wa mbao uliolowa, na majani yakifunguka yana matundu kama ya chujio. Upande wetu huku nje ya Awendo, pasipo na miwa pana mahindi. Na miwa huwezi kuisonga ugali.

Vifaa. Darubini ina jicho moja zima. Jicho la pili linaonyesha ukungu na, ukiinamisha, buibui. Msijaribu kumtoa, nimejaribu. Simu ni ile ya zamani ya Madam, na inapata mtandao ukisimama karibu na dirisha la tatu la maabara. Mbali na hapo ni tochi.

Siku ya kwanza nilirudi kutoka shamba la shule nikiwa na furaha, nikamwambia Madam, "Nimeona yangeyange saba kwenye mahindi."

"Hata mimi huwa niko kwenye mahindi," akasema. "Walikuwa wanakula nini?"

Sikujua.

"Basi umeona manyoya. Rudi."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Usimtazame ndege, tazama mdomo wake. Simama jua likiwa mgongoni, usitikisike kwa robo saa, hata siafu wakikupanda vumilia kidogo. Ndege aliyebana kiwavi mdomoni akaruka naye ana makinda mahali. Anayempigapiga kwenye tawi kwanza anamla mwenyewe. Yangeyange wanaofuata trekta kwenye miwa wanatafuta panzi, si viwavi, kwa hiyo usiwaandike. Na tafadhali angalieni kinacholiwa. Shule moja ya Muhuru Bay ilituma picha nyingi nzuri za ndege weupe wakila kwa bidii, na ikasifiwa, mpaka Madam akaona kwamba walikuwa wanakula omena zilizoanikwa kwenye nyavu. Mama wa mtu alikuwa anaibiwa kitoweo, na mtoto wake anapiga picha za sayansi.

Mradi ulitaka mashamba mengi kuliko tuliyoweza kuyafikia, ndipo tukaomba akina mama wa kijijini watusaidie. Kila mmoja aangalie shamba lake asubuhi siku za wiki, halafu mimi napita Jumapili jioni kukusanya. Jumamosi haiwezekani, nusu ya nyumba ni za Waadventista na Sabato ni Sabato. Wakatoliki nao Jumapili wanatoka kanisani na maneno mengi, kwa hiyo ukifika jioni yameshapungua.

Mama Perez alikuwa wa kwanza. Shamba lake linapakana na letu la nyumbani. Nilifika nikiwa nimejifunza swali langu njia nzima, kwa sababu kuingia nyumba ya mtu mzima na kumuuliza maswali ni jambo linalonipa homa.

"Karibu, nyathina," akasema. Huita kila mtoto hivyo, mwanangu. "Kaa kwanza. Hicho kiti, hicho kina miguu yote."

Nikakaa. Akaleta uji. Nikauliza, "Mama Perez, wiki hii uliona ndege gani akila viwavi?"

Aliangalia shamba. Akaniangalia mimi. Akaiangalia darubini.

"Okok," akasema. Ndilo jina letu la yangeyange.

"Wangapi?"

"Unataka wangapi?"

Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Akasema watano, nikaandika watano, na nikaondoka nikiwa na njugu mfukoni pia. Nyumba zote zilikwenda hivyo. Kiti, uji au kiazi, ndege. Hakuna nyumba niliyotoka bila ndege. Nilijiona nimekuwa hodari wa kuuliza.

Mara moja tu nilijaribu kuandika kinyume. Lilikuwa shamba la shule, ambalo nililiangalia mwenyewe, na sikuona ndege yeyote. Nilisimama kwenye dirisha la tatu nikajaza "hakuna." Programu ya simu ilikataa. Ilidai jina la ndege kwa herufi nyekundu. Nikampigia Felix, mratibu wa mradi kule Homa Bay, kijana mwenye sauti laini.

"Dada, hiyo achana nayo," akaniambia. "Sisi tunataka waliopo. Wasiokuwepo watatusaidia nini?"

Nilimjibu, "Sawa." Hilo ndilo neno langu kwa watu wenye sauti laini.

Mwaka uliofuata, mvua ndefu zilipoanza na mahindi yakafika magotini, mradi ulileta ujumbe. Msipulize dawa, dawa inaua ndege, waacheni ndege wafanye kazi. Ni ushauri mzuri ikiwa una ndege. Akina mama waliukubali kwa sababu ulipita kwangu, na mimi ni mtoto wa nyumbani. Pia tuliambiwa kwamba mitego ya kunasa nondo itagawiwa. Nondo ndio mama wa viwavi. Ukiwanasa kabla hawajataga, mahindi yanapona. Mama Perez aliuliza mitego inasimamishwaje. Nikamwambia nilivyosikia, kwenye nguzo.

Alhamisi moja ya likizo ya Aprili tuliitwa Homa Bay, mimi, Brenda na Madam, kwenye mkutano wa shule zote. Ukumbi ulikuwa na feni na sambusa. Felix alionyesha ramani ukutani. Palipo na ndege wa kutosha paliwekwa nukta za kijani, pasipo na ndege nyekundu. Kwetu palikuwa kijani kitupu, kama mtu amemwaga sukuma wiki.

"Hawa wa Awendo wamebarikiwa," Felix akasema. "Ndege wao wanafanya kazi kuliko maafisa wa kilimo."

Watu wakacheka. Halafu akasema mitego itakwenda kwenye nukta nyekundu, na orodha inafungwa Jumatano.

Nukta moja ya kijani ilikaa juu ya shamba letu kabisa. Asubuhi ile kabla ya kuondoka nilikuwa nimesimama katika shamba hilo. Mahindi yalikuwa yamebaki mifupa. Mama alikuwa anafunua moyo wa mhindi mmoja baada ya mwingine na kufunga tena kama mtu anayefunika maiti.

Nikasimama. Mbele ya ukumbi wote, nikasimama. Brenda alinishika sketi, sijui alitaka kunikalisha au kunishikilia nisianguke.

"Ndiyo, dada?" Felix akasema. "Una swali?"

Nikauliza choo kiko wapi.

Nilikaa huko chooni hadi mkutano ukaisha. Nyumbani niliandika kurasa tatu za matusi kwenye shajara, mengine sikujua kwamba nayajua. Nilikuwa sielewi. Mimi nilikusanya ndege wale. Ndege watano, ndege wanane, kila Jumapili. Mbona viwavi hawakuisha?

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Perez bila darubini. Alikuwa anapepeta mtama.

"Mama Perez, wale okok. Uliwaona kweli?"

"Okok gani?"

"Wa shambani. Kila Jumapili ulinipa okok."

"Nilikupa, ndiyo."

"Walikuwepo?"

Akaweka ungo chini. "Awuor. Wewe umetembea na jua lile, umetoka jasho mpaka kwa viatu, umebeba dude shingoni kama kengele ya ng'ombe. Unaketi kwangu, unaniuliza nina nini. Nikwambie sina? Utoke hivyo hivyo, ukifika shuleni waseme kwa Mama Perez mtoto alipita akatoka mikono mitupu?"

"Lakini ni ndege! Si kuku!"

"Kwani kuku si ndege?" Alicheka mpaka akajishika ubavu. "Na hao okok walipungukiwa na nini?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilishindwa, kwa sababu alikuwa ameshanipa uji na nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Nikamweleza polepole, uji ukipoa: ramani, kijani, mitego, Jumatano. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Kisha akasema, akiangalia chini, "Sikuona hata mmoja. Tangu mvua zianze. Andika hivyo."

Niliposimama kuondoka akashtuka. "Ngoja." Akaingia shambani, akang'oa mhindi mzima, moyo wake ukiwa umeliwa na kiwavi mwenyewe bado yumo, akaniwekea mikononi. "Haya. Sasa nenda."

Nyumbani Mama alikuwa anasonga ugali.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wale mbayuwayu uliokuwa unaniambia?"

Mwiko ukasimama. "Mara moja moja tu. Ulikuwa unarudi umechoka, uso umeanguka."

"Mimi ni mtoto wako, si mgeni wako."

"Ukija na simu ya shule unakuwa mgeni," Mama akasema, akaendelea kusonga.

Usiku ule hasira yangu ilitafuta mtu wa kumkalia. Ilimjaribu Mama Perez, ikaondoka yenyewe. Yeye alifanya anavyofanya kila siku ya maisha yake, na hata mimi ningemdharau asingefanya hivyo. Ikamjaribu Mama, ikaona aibu. Ikafika kwa wale waliotengeneza programu isiyojua neno "hakuna," wakaileta kwetu, mahali ambapo kumwambia mgeni "hakuna" ni sawa na kumfungia mlango usoni, halafu wakahesabu heshima za watu, wakazipaka kijani, wakatuambia tuache dawa. Ikakaa hapo. Bado imekaa hapo. Watu wale hawajawahi kuketi kwenye kiti cha mtu aliyekosa cha kukupa. Wangekuwa wameketi, wangejua kwamba ndiyo saa anayosema mengi.

Madam Nyaboke nilipomweleza hakusema pole. Alisema, "Rudia mashamba yote. Lakini ukiuliza vilevile utajibiwa vilevile."

Nilikuwa na jibu tayari, nililopewa shambani bila kuomba. Jumapili na Jumatatu mimi na Brenda tulizunguka na gunia. Hatukuuliza ndege kwanza. Tulisema, "Mama, tunaomba mhindi mmoja ulioliwa." Wote walikwenda kuung'oa, tena walichagua ule mbaya zaidi, kama anayechagua jogoo mkubwa. Na mhindi ukishaingia kwenye gunia, mgeni ameshapewa. Hapo ukiuliza ndege, ulimi umefunguka.

"Ndege? Ndege wapi, nyathina. Labda wa kwenye redio."

"Mimi nilikuwa nakupa shore kwa sababu jirani alishatoa okok. Nilitaka ubadilishe mboga."

Brenda alikaa chini kwa kucheka. Mimi sikucheka, lakini niliandika. Na si kila mahali palikuwa patupu, hilo msilifiche. Kwa Mama Akoth, kule karibu na mto penye miti, ndege walikuwepo kweli. Nilisimama robo saa nikamwona mramba mweusi akimpigapiga kiwavi kwenye tawi mpaka akalainika. Mahindi ya Mama Akoth yalikuwa mazima. Ndege wanafanya kazi, sijawahi kusema hawafanyi. Wanafanya pale walipo.

Jumanne tukapanda gari kwenda Homa Bay na gunia lenye harufu. Ofisi ya Felix inatazama ziwa. Alitupokea vizuri, akatununulia soda. Niliweka gunia mezani, nikatoa mihindi, nikasema yote kwa pumzi moja, nikiangalia kofia zenye nembo ya mradi zilizopangwa kwenye rafu. Kiwavi mmoja alitoka akatembea juu ya karatasi zake.

"Hii ni kazi nzuri sana," Felix akasema. "Kwa kweli. Nitaiwasilisha. Nukta zenu tutazibadilisha. Na mitego, tutaona. Huenda awamu inayokuja. Chukueni kofia kwanza."

Nikainua macho nikamtazama. Uso ule niliujua. Ulikuwa umeangalia dirisha, ukaniangalia mimi, ukaliangalia gunia.

"Mitego ipo?" nikauliza.

"Itapatikana, dada."

"Ya kwetu. Msimu huu. Ipo?"

"Tusikate tamaa. Unajua mambo haya yana utaratibu..."

"Orodha inafungwa kesho," Brenda akasema.

"Ndiyo, ila, si lazima..."

"Sema hakuna," nikasema.

Nilisema mimi. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, lakini ilitoka. Felix alikunja mdomo. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau kuona haya, na ningewaombea ninyi nyote hasira ya namna hiyo walau mara moja.

"Hakuna," akasema mwishowe. "Orodha ilifungwa Ijumaa. Mitego imeshatoka kwenye ghala. Sikutaka mrudi bila kitu."

Brenda alichukua kofia. Mimi niliacha.

Programu bado inakataa "hakuna," hata baada ya kubadilishwa rangi. Tuliandika barua, Madam akaipeleka mwenyewe, tukajibiwa kwamba maoni yetu ni ya thamani. Ninyi mtakaoendelea, ndege mliowaona tumeni. Pale msipoona, andikeni kwa kalamu, mpelekeeni Madam, na mtaje jina la shamba. Msiende kwa mtu kumwomba ndege. Ombeni mhindi.

Ila lile la kesho yake, baada ya kuonana na Felix, ndilo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo. Kwenye gari, kutoka Homa Bay mpaka nyumbani, nilitunga maneno. Nitawaambia kwamba mambo yanashughulikiwa. Nitawaambia wiki ijayo. Yalikuwa maneno mazuri, na niliyapanga vizuri kuliko swali lolote nililowahi kujifunza.

Asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, nilikwenda kwa Mama Perez. Aliniona kutoka mbali akavuta kiti.

"Sikai, Mama Perez. Hakuna mitego."

"Inachelewa?"

"Haiji. Msimu huu hakuna. Msingoje."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alibaki ameshika mgongo wa kiti. Nyuma yake, ukingoni mwa shamba, niliona mashimo aliyokuwa amechimba, ya nguzo za mitego, na udongo wake umerundikwa vizuri pembeni.

"Wuololo," akasema, kama anavyolia mtu wa kwetu akipata habari mbaya. Kisha akarudisha kiti mahali pake. "Afadhali umesema leo. Ningengoja mpaka nivune mabua." Akaita ndani, "Perez! Lete ndoo ya majivu! Na ile ya jana pia!"

Tukaingia shambani. Yeye alifunua moyo wa mhindi kwa vidole, akamtoa kiwavi aliyemfikia akamponda. Nilimimina majivu ndani ya moyo wa mhindi, konzi moja, yamkaushe yule aliyejificha chini, tukahamia mwingine. Tulipomaliza shamba lake tulivuka uzio, tukaanza la kwetu.